Kipimo cha Kasi ya Mishipa ya Fahamu: Mambo Anayopaswa Kuyajua Mgonjwa wa Mugoma

Mkazi wa Mugoma, wilayani Ngara, anayelalamikia ganzi ya nyayo au viganja huanzia zahanati, na pengine huelekezwa baadaye kwenye kipimo cha kasi ya mishipa ya fahamu. Mashine ya kipimo hicho haipatikani katika zahanati. Humlazimu mgonjwa kusafiri hadi hospitali kubwa, akigharimia nauli na kuacha shamba kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ni haki yake kujua, kabla ya kuondoka, kipimo kinaweza kujibu swali gani na lipi hakiliwezi.

Mpimaji hubandika vipande vyenye nyaya juu ya ngozi, kisha huupa mshipa mshtuko mdogo wa umeme na kupima muda ambao mawimbi huchukua kufika upande wa pili. Katika mkono wa mtu mzima mwenye afya, kasi hiyo huwa takribani mita 50 kwa sekunde au zaidi. Mshtuko hukera, lakini hauachi madhara. Ngozi isipakwe mafuta siku hiyo. Mikono na miguu iwe na joto, kwani baridi hupunguza kasi na mshipa mzima ukadhaniwa mgonjwa. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo aseme mapema.

Linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba kipimo hugundua hali ya nyuzi nene tu. Nyuzi nyembamba, zinazobeba maumivu na joto, hazionekani. Mgonjwa wa kisukari anayeungua nyayo usiku anaweza kurudi na majibu ya kawaida. Hilo halimfanyi mwongo, wala aliyerogwa. Vivyo hivyo konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uliozuka Tarime mwaka 1985 kutokana na mihogo michungu isiyoandaliwa vyema: kasoro yake imo katika njia zitokazo ubongoni kupitia uti wa mgongo, si katika mishipa ya miguuni.

Yapo pia maradhi yasiyopaswa kungojea mashine. Ukoma hutambuliwa kwa baka lisilo na hisia au mshipa ulionenepa unaopapaswa kwenye kiwiko, na dawa zake hutolewa bure. Anayetumia isoniazidi kwa kifua kikuu akapata ganzi amweleze mhudumu mapema, bila kuacha dawa kwa uamuzi wake, kwa kuwa vitamini B6 husaidia. Kumsafirisha mtu kabla ya kumpapasa kiwiko ni kumchelewesha, na mshipa ulioharibiwa na ukoma kwa miezi mingi mara nyingi haurudishi hisia.