Nahau Inapogeuka Mwili: Attilio Mussino na Katuni ya Bilbolbul

Tarehe 27 Desemba 1908, gazeti la Corriere della Sera la Milano lilitoa toleo la kwanza la jarida lake la watoto, Corriere dei Piccoli. Humo alitokea Bilbolbul, mtoto wa Kiafrika aliyechorwa na Attilio Mussino (1878–1954) wa Torino. Wahakiki wengi humhesabu kuwa mhusika wa kwanza wa katuni za Kiitaliano.

Ifahamike kwamba jarida hilo halikupenda maneno yatoke kinywani mwa mhusika. Hata katuni zilizotoka Marekani zilifutwa viputo vyake vya maneno, na chini ya kila picha zikawekwa beti zenye vina, aghalabu za mizani minane. Msomaji wa tenzi hatakiona kipimo hicho kuwa kigeni.

Ubunifu wa Mussino ulikuwa katika kuichukua nahau kama ilivyo. Waitaliano husema mtu huwa mwekundu kwa aibu. Bilbolbul akiona aibu, ngozi yake hugeuka nyekundu kweli. Mwili wake hurefuka, hukatika, hubadilika rangi, kwa kuwa lugha imesema hivyo. Ni kana kwamba Mswahili amchore aliyevunjika moyo akiokota vigae vyake sakafuni.

Wapo wanaoiona kazi hii kuwa mchezo wa lugha tu. Rai hiyo haitoshi. Mwaka 1908 Italia ilikuwa ikitawala Eritrea na sehemu ya Somalia, miaka 12 tu baada ya kushindwa Adwa. Kwamba mwili uliochaguliwa kunyoshwa na kukatwa ni wa mtoto mweusi si sadfa. Tumlinganishe na Quadratino wa Antonio Rubino (1910), mtoto wa Kizungu mwenye kichwa cha mraba: mageuzi yake hutawaliwa na jiometria, yaani elimu ya darasani. Ya Bilbolbul hayahitaji kanuni yoyote, kwani yanatokea Afrika.

Mwaka 1911 Mussino alichora Pinocchio kwa ajili ya mchapishaji Bemporad wa Firenze, kazi iliyomjengea jina. Karagosi wa Collodi naye hurefuka pua na kuungua miguu, ila hatimaye huwa mtoto wa kweli. Bilbolbul hurudi daima alipoanzia.

Huko Vernante, kijiji alikofia Mussino, kuta za nyumba zimepambwa kwa michoro yake ya Pinocchio. Jina la Bilbolbul lilichukuliwa Bologna, na tamasha la katuni lililoanzishwa mwaka 2007.