Roxane Hakuwa Mjinga
Wanafunzi wengi humcheka Roxane wa tamthilia ya Edmond Rostand, Cyrano de Bergerac (1897). Anazienzi barua za Christian, asijue kuwa mtunzi ni binamu yake, Cyrano. Tusisahau kwamba mtazamaji amefunuliwa siri aliyofichwa mhusika. Wahakiki huiita hali hii kinaya. Aliyeficha ni Cyrano mwenyewe, kwa kuionea haya pua yake. Wahenga walinena: mficha uchi hazai. Baada ya miaka 15, Cyrano anaisoma barua ya mwisho kwa sauti hali giza limeingia. Roxane anang’amua, lakini Cyrano yumo katika kukata roho. Walimu wenzangu, tusiulize kwa nini Roxane hakuona. Tuulize ni nani aliyemfumba macho.