Pete ya kiko inayong'aa si lazima iwe ya fedha

Wanunuzi wa viko vya zamani vya kampuni ya Peterson ya Dublin, Ireland, hukuta kwenye pete inayozunguka shina la kiko alama tatu zilizogongwa kwa safu: jani la klova, mbwa wa kuwinda na mnara. Wengi huzidhania kuwa mihuri ya fedha, wakalipa bei ya fedha. Alama hizo ni pambo tu, na pete zenye alama hizo peke yake kwa kawaida ni za nikeli.

Fedha iliyopimwa Dublin hugongwa sura ya Hibernia, yaani mwanamke aliyeketi, pamoja na herufi ya mwaka na kinubi chenye taji. Kinubi ndicho cha kutafutwa kwanza, kwani huthibitisha sehemu 925 za fedha safi katika kila 1,000.

Alama zikiwa zimefutika kwa kusuguliwa, rangi husaidia. Fedha hugeuka nyeusi kwa salfa iliyomo hewani, ilhali mchanganyiko wa nikeli, shaba na zinki hufifia ukaelekea umanjano. Sumaku haifai kitu. Haivuti fedha wala mchanganyiko huo. Tindikali ya sonara huacha doa, na kwenye pete iliyopakwa fedha juu juu huweza kuliondoa tabaka hilo.