Shabaha si kilengeo: Somo la istilahi kutoka kwa bunduki ya wenzo

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha tamu ya ushairi na mahubiri, ila ukikiingiza karakanani kinapwaya. Hoja hii haijibiwi kwa makelele. Hujibiwa kwa kuchukua kifaa kigumu, tena cha mbali, na kukieleza hadi msomaji akielewe. Leo nimechagua bunduki ya wenzo ya Kimarekani na kazi ya kuinunulia na kuifunga vile vifaa viwili vya kulengea vilivyo juu ya mtutu.

Bunduki hii ni ile tunayoiona katika filamu za wachunga ng'ombe. Chini ya mtambo wake pana wenzo wa chuma. Ukiusukuma chini kisha ukaurudisha, ganda la risasi iliyokwisha kulipuka hutoka na risasi nyingine huingia. Winchester ya 1873 ndiyo maarufu zaidi. Nyingine, ya 1895, iliyobuniwa na John Browning, ilifika kwetu: Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kwa safari yake ya uwindaji, alikuwa nayo. Siku hizi zinaundwa nakala mpya za bunduki hizo. Uberti huziunda Italia, Miroku huziunda Japani, na wanunuzi wengi wako Marekani, ambako watu huzitumia katika mashindano ya kulenga na katika uwindaji.

Msomaji ataniuliza, "Profesa, haya yatuhusu nini, ilhali uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977 na bunduki haimilikiwi bila kibali?" Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba lugha ya silaha hutumika mahakamani kila uchao. Mkalimani husimama kati ya mtaalamu wa silaha na mshtakiwa ambaye maisha yake yamo hatarini. Neno likiteleza hapo, haki nayo huteleza.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Kwa mazoea, vifaa vya kulengea huitwa shabaha. Lakini shabaha pia ni kile kinacholengwa, na vilevile ni ustadi wa kulenga. Husemwa fulani ana shabaha. Sasa chukua agizo hili: "Sogeza shabaha kulia." Je, nisogeze kibao kinachopigwa kule mbele, au kifaa kilicho juu ya mtutu? Hapa neno moja limebebeshwa mizigo mitatu.

Sarufi yetu ina dawa. Kutokana na pima tunapata pimia, kisha kipimio. Funga hutupa fungia na kifungio. Kalia hutupa kikalio. Kwa mkondo uo huo, lenga hutupa lengea, na lengea hutupa kilengeo: kifaa cha kulengea. Kwa hivyo napendekeza tuseme kilengeo cha mbele na kilengeo cha nyuma, na shabaha tuiachie kile kinacholengwa.

Kilengeo cha mbele aghalabu ni kipande chembamba cha chuma kilichosimama karibu na mdomo wa mtutu, pengine kikiwa na ushanga kwenye ncha. Cha nyuma ni bamba lenye pengo, na katika bunduki hizi za kale kingo zake huweza kujipinda kama pembe mbili. Mlengaji huweka ncha ya mbele ndani ya pengo la nyuma, kisha akaviweka vyote viwili kwenye shabaha. Chini ya kilengeo cha nyuma huwa pana kabari yenye vidato. Ukiisogeza, kilengeo hupanda au hushuka.

Tatizo la mpangilio huu ni la macho. Sisi tuliovuka miaka sitini twajua kwamba jicho haliwezi tena kuona sawasawa vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti. Hapo ndipo kilengeo cha tundu kinapofaa. Mtu huchungulia katika kijitundu kilicho karibu na jicho. Jicho lenyewe hutafuta katikati, na udogo wa tundu huongeza uwazi wa kilicho mbele. Hufungwa kwenye ule ulimi wa chuma unaotoka nyuma ya mtambo na kuingia katika kitako. Ulimi huo tuuiteje? Hatuna haja ya kukopa. Chuma cha jembe au kisu kinachoingia kwenye mpini, wazee wetu walikiita msuka. Basi na huu ni msuka wa bunduki.

Darubini je? Katika Winchester nyingi za zamani ganda hurukia juu, kwa hivyo darubini iliyofungwa juu ya mtambo huliziba njia. Isitoshe, huharibu sura ya kale ambayo mnunuzi aliilipia.

Kabla ya kununua, pima. Vilengeo vingi hukaa katika mfuo uliokatwa juu ya mtutu, mpana chini na mwembamba juu, ili kisichomoke. Kipimo cha kawaida cha Kimarekani ni sehemu tatu kati ya nane za inchi, yaani inchi 3/8, lakini nakala ya Italia huenda ikatofautiana nacho, na parafujo zake pia. Tena, baadhi ya nakala za Miroku zina kitufe cha usalama papo hapo kwenye msuka, mahali ambapo kilengeo cha tundu kingekaa. Asiyepima kwa kalipa hununua mara mbili.

Wakati wa kufunga, kwanza hakikisha bunduki haina risasi, mtamboni na katika bomba lililo chini ya mtutu. Ibane kwenye jiliwa lenye ngozi au mbao laini. Gonga kwa kijiti cha shaba, si cha chuma kigumu. Desturi ni kukitoa kilengeo kwa kukigonga kutoka kushoto kwenda kulia, na kukitia kipya kutoka kulia kwenda kushoto.

Sasa tufike penye mtego. Kilengeo cha nyuma hufuata njia ya risasi: ukitaka risasi ipige juu zaidi, kiinue, ukitaka iende kulia, kisogeze kulia. Kilengeo cha mbele ni kinyume kabisa: ukitaka risasi ipande, kishushe, ukitaka iende kulia, kisogeze kushoto. Mfasiri anayeandika "inua shabaha" bila kutaja ni ya mbele au ya nyuma amemwelekeza msomaji kwenye kosa.

Kiasi nacho hupatikana kwa hesabu ya darasa la nane. Zidisha kosa kwa urefu ulio kati ya vilengeo viwili, kisha ugawe kwa umbali wa shabaha. Tuseme risasi hupiga chini kwa sentimita 10 katika mita 50, na kati ya vilengeo pana milimita 500. Milimita 100 mara 500, gawanya kwa 50,000: jibu ni milimita 1. Basi inua kilengeo cha nyuma kwa milimita 1, au upunguze cha mbele kwa tupa kiasi hichohicho. Piga tupa kidogo kidogo ukijaribu, maana chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi. Ukitumia kilengeo cha tundu kwenye msuka, urefu ule huongezeka. Ukifika milimita 750, kosa la milimita 1 huipotosha risasi kwa takriban sentimita 6.7 badala ya 10. Ila kwa bunduki yenye teke kali, angalia kisije kikakugonga jicho.

Wenzo, kabari, mfuo, jiliwa, tupa, parafujo, msuka: maneno haya hayakuundwa jana kwenye kongamano. Yalikuwa kwa maseremala na wahunzi kabla ya sisi wenye shahada kuzaliwa. Neno moja tu, kilengeo, ndilo tuliloliunda, nalo kwa kanuni ambayo kila mzungumzaji anayo kichwani. Kabla mkalimani au mwalimu hajalalamika kwamba Kiswahili hakina msamiati, afanye ziara karakanani. Huenda akakuta kinachopwaya si lugha.