UKIWA WA 500 DUNIANI, UTAKULA WAPI?

Basi bwana, juzi nimekaa zangu kijiweni, Ng'ambo hapa Tabora, chini ya mwembe, kahawa mkononi. Dogo mmoja kashika simu, anaangalia tenisi. Mara akaniuliza: "Kaka, hivi mcheza tenisi naye anaweza kuwa choka mbaya?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Sisi tenisi tunaijua kwa akina Serena Williams: hoteli za nguvu, saa za bei mbaya, mshiko usiohesabika. Mcheza tenisi fukara? Thubutu!

Nikamwambia, mdogo wangu, hao unaowaona kwenye luninga ni wenye msafara. Nyuma yao kuna wapagazi, na hao ndio wengi. Mmoja wao ni jirani yetu wa Kenya. Kaa nikupe stori yake.

MTOTO WA BIBI

Angella Okutoyi alizaliwa Januari 2004, yeye na pacha wake. Mama yao alifariki katika uzazi huo, mabinti wakabaki mikononi mwa bibi. Bibi mwenyewe hakuwa na fedha za kutupa, alikuwa mfanyakazi wa usafi katika shule ya msingi Loresho, Nairobi. Hapo shuleni ndipo watoto walipoanza kugusa raketi, wakiwa wadogo kabisa. Ni mchezo ambao kwa kawaida huku kwetu ni wa watoto wa wenye nazo.

Binti akakaza. Januari 2022 alikwenda Australia kwenye mashindano makubwa ya vijana, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana. Hakushinda moja, alishinda mbili. Julai mwaka huohuo akatinga Wimbledon, Uingereza. Akishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, wakaingia fainali ya wasichana wawili wawili dhidi ya Wakanada, Kayla Cross na Victoria Mboko.

Seti ya kwanza walifungwa 3-6. Ya pili wakarudisha 6-4. Ya kuamua ikawa roho mkononi, wakaichukua 11-9! Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam kabla yake, wa kike wala wa kiume, mkubwa wala mdogo. Nairobi ikalipuka kwa shangwe.

Sasa nisikilize vizuri. Mashindano yale ya vijana hayana zawadi ya fedha. Unapata kikombe, picha na heshima. Ukiamka kesho yake, unaanza kutafuta nauli.

HESABU ZA MFUKONI

Ukitoka kwenye tenisi ya vijana unaingia tenisi ya kulipwa kupitia mlango wa chini. Mashindano ya daraja la chini kabisa kwa wanawake huitwa W15. Maana yake, fungu zima la zawadi ni dola 15,000. Usidanganyike, hizo si za mtu mmoja. Wanagawana wachezaji wote wa wiki hiyo, wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Bingwa anaondoka na dola elfu mbili na ushee. Anayetolewa raundi ya kwanza anapata kitu ambacho hakifiki hata dola 200. Hapo hujatoa kodi.

Toa tiketi ya ndege. Toa chumba cha wiki nzima. Toa chakula, viza, ada ya kuingia mashindano, na nyuzi za raketi ambazo hukatika kama nyuzi za gitaa la bendi ya mtaani. Umebaki na nini? Deni!

Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, lilikaa chini na kalamu. Katika takwimu zake za mwaka 2013, karibu wachezaji 14,000 walishiriki mashindano ya kulipwa, na kiasi cha 6,000 kati yao hawakupata hata senti. Gharama za mchezaji wa kike kwa mwaka zilikuwa kama dola 40,000, bila kumlipa kocha. Ili zawadi zitoshe gharama hizo tu, mwanamke alihitaji kuwa nafasi ya 253 duniani, na mwanamume ya 336.

Hebu fikiria. Mtu wa 300 duniani katika udaktari ana jumba la ghorofa. Mtu wa 300 katika tenisi anaazima nauli.

Wakati huohuo, Wimbledon ya mwaka 2025 ilimlipa aliyefungwa raundi ya kwanza paundi 66,000. Kufungwa tu! Ila kupata nafasi ya kufungwa pale, lazima kwanza uwe kwenye 100 bora au hapo jirani, ama upenye kwenye mchujo. Afrika Mashariki yetu hii, Mkenya Paul Wekesa aliwahi kugusa nafasi hiyo ya 100 mwaka 1995. Jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wana Sada Nahimana wa Burundi, ambaye amewahi kuingia 300 bora. Hao ni watu wa kuvuliwa kofia.

MSAFARA NA POSHO

Wa Tabora tukisikia habari hizi hatushangai sana. Mji wetu ulijengwa na kazi ya namna hii. Zamani hapa kulikuwa njia panda ya misafara: njia moja toka Bagamoyo, nyingine kwenda Ujiji, nyingine kupanda kaskazini. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa upagazi, kazi ya ujira, tena yenye sifa. Inasimuliwa kwamba kijana ambaye hajafika pwani alikuwa bado hajahesabiwa kuwa mwanamume.

Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi begani. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, Novemba. Miezi mitano! Mbele anakwenda kirangozi, nyuma wapagazi wanakula posho ya siku kwa siku. Na kila ukipita nchi ya mtemi unatoa hongo, enzi hizo ikiwa na maana ya ushuru wa njia.

Sasa mtazame mcheza tenisi wa nafasi ya 500. Begi begani, raketi sita ndani. Wiki hii yuko Tunisia, wiki ijayo yuko Nigeria. Posho ya siku kwa siku. Hongo yake ni viza. Na mzigo wake una kero moja zaidi: alama alizovuna hufutika baada ya wiki 52. Ukiumwa goti miezi sita, unarudi unakuta jina lako limeporomoka. Mpagazi akitua mzigo Tabora alipumzika. Huyu akitua tu, amepitwa.

DHAHABU ISIYOFIKA PARIS

Machi 2024 Angella alikwenda Accra, Ghana, kwenye Michezo ya Afrika, akachukua dhahabu ya mmoja mmoja kwa wanawake. Bingwa wa Afrika! Ushindi ule ulimfungulia mlango wa Olimpiki ya Paris, lakini mlango wenyewe ulikuwa na bawabu: ilibidi mwezi Juni awe ndani ya 400 bora duniani. Hakufika. Kenya ikaenda Paris bila mcheza tenisi.

Inauma, jamani. Bingwa wa bara zima anabaki nyumbani kwa sababu hana alama, na alama hazipatikani bila nauli.

Na yule Mboko waliyemfunga Wimbledon, unajua yuko wapi? Ni binti wa wazazi waliotoka Kongo, na siku ile ya fainali alikuwa na miaka 15. Alianza mwaka 2025 akiwa nafasi ya 333. Agosti, pale Montreal, akamfunga Naomi Osaka kwenye fainali, akabeba dola zaidi ya 750,000 kwa wiki moja na kuingia 25 bora. Mabinti wawili walitenganishwa na wavu na pointi mbili tu, na aliyeshinda siku ile siye aliyetajirika. Mboko naye alipita njia ileile ya mashindano madogo, ila alikulia Kanada, ambako viwanja, makocha na mashindano ya kila wiki havitafutwi kwa tochi.

ALIFANYA AKILI

Msimwonee huruma kupita kiasi, lakini. Angella alifanya jambo la akili: akajiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, Marekani, akiichezea timu ya chuo. Hapo kuna uwanja, kocha, chakula na kitabu. Wazee wetu wangemwelewa mara moja. Peke yako njiani unaliwa na fisi, kwa hiyo unajiunga na msafara mkubwa, unasogea nao, ukifika mahali unachepuka na lako.

Nilipomaliza, dogo akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Sasa kaka, kama hailipi, kwa nini wanaendelea?"

Mzee mmoja muuza kahawa, ambaye tulidhani hatusikilizi, akadakia: "Mjukuu wangu, babu yangu mie alikwenda pwani mara tatu kwa miguu. Hakurudi na utajiri. Lakini mpaka anakufa, hakuna mtu kijijini aliyethubutu kumwambia hajaona bahari."

Kijiwe kikawa kimya. Dogo akarudisha macho kwenye simu, safari hii akitafuta matokeo ya mashindano yale madogo ambayo luninga haiyaonyeshi.