Chupa ya hamu ya kula

Wiki haipiti hapa kliniki ya Rusimbi, Kigoma, bila kuulizwa: "Dokta, mtoto wangu hali kabisa, nimpe dawa gani ya hamu?" Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, ila kliniki kila aliyeshika kalamu ni dokta. Mara nyingine swali linakuja na chupa iliyokwisha kufika nusu. Hapo haulizwi ushauri tena, unaulizwa vijiko vingapi.

Juzi kauliza mama mmoja huku huyo mtoto "asiyekula kabisa", wa miaka miwili na ushee, amekaa mapajani anamumunya biskuti. Nilizihesabu: sita, kabla mama hajamaliza kueleza. Asubuhi mtoto alikuwa amekunywa chai ya rangi yenye sukari na kula nusu andazi. Saa nne, juisi ya mfuko. Mchana ukaja ugali wa muhogo na dagaa, mtoto akageuza uso. Mimi ningegeuza pia.

Sasa hiyo chupa. Soma maandishi madogo, si picha ya mtoto mnene. Nyingi zina siproheptadini, dawa ya mzio: mafua ya kupiga chafya, ngozi inayowasha. Kuleta njaa ni maudhi yake, kama kusinzia kulivyo maudhi yake. Inazuia histamini na serotonini, kemikali ambazo ubongo unazitumia, pamoja na kazi nyingine, kujua kwamba tumbo limetosha. Kwa hiyo hujamponya mtoto kitu. Umeziba sauti inayomwambia ameshiba. Na ule utulivu unaousifia kwa jirani, "siku hizi ametulia", ni usingizi wa dawa.

Chupa ikiisha, hamu inarudi ilikokuwa, nawe unarudi dukani. Mtoto chini ya miaka miwili hatakiwi kupewa kabisa. Akizidishiwa anaweza kuweweseka, kupata degedege, hata kufa, na kijiko cha nyumbani hakijui mililita: cha chai na cha mchuzi havilingani. Baya zaidi, mtoto anayekataa chakula kwa sababu ya malaria, minyoo, upungufu wa damu au kifua kikuu anakula kidogo kwa msukumo wa dawa, mama anafurahi, ugonjwa unapata nafasi. Wapo madaktari wanaoiandika kwa mtoto mwenye tatizo mahususi, kwa muda maalumu, wakimfuatilia. Huyo si mwanao uliyemnunulia kwa ushauri wa shoga yako. Kule Kinshasa watafiti wameandika kuhusu wanawake wanaoimeza pamoja na deksamethasoni ili wanenepe. Kosa lile lile, ila wao wanameza wenyewe.

Na kwani nani kasema hamu imepotea? Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikisha mwaka akiwa na 9 au 10. Mwaka wa pili anaongeza kama kilo mbili na nusu tu, basi. Mwili unaokua polepole unadai kidogo. Wewe unakumbuka alivyokuwa akimaliza bakuli akiwa na miezi kumi, unadhani ameharibika. Kadi ya kliniki ipo ndani ya mkoba wako. Mstari ukiwa unapanda, hana ugonjwa wa kula. Ukilala au ukishuka, utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 12.5, au akiwa na homa, akiharisha au akilegea, mlete leo, wala usipitie dukani.

Kwa waliobaki, wasio na dalili hizo, haraka haraka. Milo mitatu na vitafunwa viwili, kwa saa zinazojulikana; katikati, maji. Chai ondoa, inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mpe sahani yake, maana kwenye sinia la kaka zake hujui kala nini. Wewe unapanga chakula na saa, yeye anaamua kiasi: hakuna kumbana pua, hakuna fimbo, hakuna "ukimaliza nakupa soda". Baada ya nusu saa toa sahani bila hotuba. Chakula kipya mrudishie hata mara kumi kabla ya kusema hapendi. Bibi naye aambiwe, biskuti za siri nazo zinahesabiwa. Dagaa wakavu chambua, osha mchanga, saga, changanya kwenye uji au mchuzi. Mawese usiyaunguze mpaka yawe meupe. Wekundu ule ndio wenye vitamini A. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo zinatolewa Juni na Desemba.

Najua jibu linalofuata: dagaa wamepanda bei. Wanapanda kweli, na Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 sote tuliona. Lakini jumlisha bei ya chupa moja na biskuti za wiki nzima, kisha nenda na hela hiyo mwaloni Kibirizi asubuhi.