Kamera za Barabarani: Zinalinda Uhai au Zinatafuta Faini?

Ndugu wana kamati za sharika na wafadhili wetu,

Tunaposafiri kutoka Iyula kwenda Tunduma, tunapita barabara kuu ya TANZAM, yenye malori mengi yaendayo Zambia na Kongo. Mlowo na Vwawa, watoto wa shule huivuka barabara hiyo. Ndiyo maana mjadala wa kamera za kupima mwendo, maarufu kama tochi, unatuhusu.

Katika maeneo ya makazi mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Gari likikimbia kilomita 80, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa zaidi ya mara mbili na nusu. Mtoto akitokea ghafla, hapo ndipo penye tofauti ya uhai na kifo.

Hata hivyo, madereva wengi hulalamika kwamba tochi hufichwa vichakani, mahali ambapo kibao cha 50 hakionekani vizuri. Husema kuwa lengo ni faini ya Sh. 30,000. Aidha, kamera husoma namba ya gari, haimtambui dereva, hivyo deni humfuata mwenye gari.

Wenzetu wenye kamera za taa nyekundu nao wamelumbana hivyo hivyo. Kamera hizo hupiga picha gari linaloingia njia panda baada ya taa kuwa nyekundu. Utafiti wa serikali ya Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa ajali za kugongana ubavuni zilipungua kwa takriban asilimia 25. Za kugongwa kwa nyuma ziliongezeka kwa takriban asilimia 15, maana madereva walifunga breki ghafla. Kwa kuwa za ubavuni ndizo huumiza zaidi, faida ilizidi hasara. Lakini huko Chicago, mwaka 2016, ofisa wa zamani wa jiji alifungwa miaka 10 kwa kula rushwa ya mkataba wa kamera hizo.

Tunajifunza kwamba chombo ni kizuri, ila wananchi hukiamini pale tu kinapotumika kwa uwazi na mahali penye hatari ya kweli.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za sharika zilizo kando ya barabara kuu zikague vibao na vivuko vya waenda kwa miguu karibu na shule. Palipo na upungufu, serikali ya kijiji au mtaa iombwe kuwaandikia TANROADS.

Nasi tuanze na magari ya miradi. Kila safari iandikwe kwenye daftari pamoja na jina la dereva, na faini ya mwendo kasi ailipe mwenyewe. Fedha mnazotoa ni za visima na ada za watoto, si za kulipia haraka zetu.